Kuku Aliyerukwa Siku ya Dawa

"Sista, hivi kuku wako unawalisha nini? Wanakula kama waashi, lakini ukiwashika ni mifupa mitupu, utadhani umeshika mwavuli uliofungwa."

Swali hilo lilitoka kwa mke wa kinyozi, asubuhi moja, amechuchumaa bombani anasugua sufuria. Hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kusema kinachomjia mdomoni, kisha kuendelea na shughuli zake kana kwamba si yeye aliyesema. Lakini Sista, aliyekuwa anamwaga pumba mlangoni pa banda, alibaki amesimama na bakuli mkononi, akawatazama kuku wake mmoja mmoja kama mtu aliyerudi safari akakuta watoto wamepungua mwili.

Sista hakuwa sista. Hakuwa muuguzi wala mtawa. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na tisa: kupiga deki, kubadilisha mashuka, kumwaga mabeseni, kubeba vichanga kwenda mizani na kuvirudisha kwa mama zao bila kuvichanganya. Lakini mwanamke mwenye uchungu haulizi cheo. Aliyevaa sare akipita karibu, huyo ndiye sista. Jina likamganda. Siku ya kustaafu akatoka nalo, pamoja na kitanda cha chuma kilichobanduka rangi ambacho hospitali ilikuwa inakitupa, na tabia za wodini ambazo hakuna aliyemwambia azirudishe.

Tabia hizo alizihamishia kwa kuku. Banda lake alilifagia saa moja asubuhi na saa kumi jioni, saa zilezile za kufagia wodi. Kila kuku alikuwa na kitambaa chembamba mguuni, kimeandikwa namba kwa wino usiofutika, kama vichanga wanavyofungwa mkononi. Matetea walikuwa tisa. Jogoo alikuwa mmoja na hakuwa na namba, kwa kuwa wodi ya wazazi haikuwahi kuwa na kitanda cha mwanamume. Sista hakusema "yule mweusi" wala "yule mwenye kishungi". Alisema, "Namba Nne leo hajala vizuri," na waliomzoea walijua ni nani.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimgombanisha na wakubwa wake huko wodini. Hakukubali mzazi aliyelala aamshwe. Muuguzi alikuja na sinia la vidonge, akamkuta Sista amesimama kando ya kitanda na fagio lake kama mlinzi wa benki.

"Ndiyo kwanza amefumba macho, mwanangu. Mwache kidogo."

"Sista, dawa ina saa yake."

"Najua. Lakini huyu tangu juzi hajalala. Zunguka kwa wengine, umalizie kwake."

Aliitwa ofisini mara mbili kwa ajili hiyo. Alionywa, akaitikia kwa adabu, akashukuru hata, na kesho yake akasimama palepale. Hakuwa mkaidi kwa kitu kingine chochote.

Basi siku ile ya swali, mke wa kinyozi alipoondoka na sufuria zake, Sista alivuta kigoda akakaa mlangoni pa banda, akasubiri. Hakusubiri sana, maana kuku hana haya. Namba Mbili alijisaidia mbele yake, na Sista akachukua kijiti akachokoachokoa. Ndani yake mlikuwa na minyoo, myeupe, mirefu kama uzi wa kushonea uliochemshwa, na mmoja ulikuwa bado unajinyonganyonga.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe nalisha hawa."

Alitia ushahidi wake kwenye kopo la siagi, akafunika, akajitanda vizuri, akaenda kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana mpole mwenye kofia ambayo hakuna aliyewahi kuona kilicho chini yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, na mlikuwamo meza, jokofu lililonguruma kama lina deni na mtu, na kalenda ya mwaka juzi aliyoipenda kwa sababu ya picha ya ng'ombe. Alifungua kopo, akafunga, akanawa mikono.

"Minyoo ya utumbo, mama. Ya kawaida. Dawa ipo. Lakini kwanza niambie, kuku wako wanatembea peke yao?"

"Peke yao wapi, mwanangu? Ua wetu ni mmoja. Wapo wa kwangu, wapo wa mke wa kinyozi, na wapo wa fundi saa. Mchana wanachanganyika, jioni kila mmoja anajua kwao."

"Basi sikiliza. Mnawapa dawa siku moja, nyumba zote. Jioni ya kuamkia siku hiyo mnamwaga maji yote, hata ya chini ya bomba, walale na kiu. Asubuhi mnachanganya dawa kwenye maji, kipimo hiki nakuandikia, wanakunywa hayo tu mpaka yaishe. Mavi ya siku tatu zinazofuata mnayafagia na kuyafukia mbali. Mayai msile kwa siku nilizoandika hapa. Baada ya wiki tatu mnarudia. Na asibaki hata mmoja, mama. Akibaki mmoja, anaangusha mayai ya minyoo uani, wenzake wanayadonoa, mnaanza upya."

Sista alikunja ile karatasi mara nne. Alikuwa ameinuka tayari, akakaa tena.

"Na anayeatamia?"

"Naye pia. Yeye hatoki sana kunywa, kwa hiyo mpe mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Matone haya. Halafu mrudishe kwenye mayai yake."

"Akisusa?"

"Kuku anaweza kususa hata kwa chafya ya jirani. Mara nyingi hasusi. Mpe dawa, mama."

Aliuliza hivyo kwa sababu ya Namba Saba. Namba Saba alikuwa tetea wa madoadoa, shingo nyembamba, asiye na bahati. Mara ya kwanza alipoatamia, paka aliingia bandani akafanya aliyoyafanya. Mara ya pili mvua ilipenya kwenye bati, mayai yakalowa, yakaoza yote, naye akaendelea kuyalalia siku ishirini na tisa mpaka Sista akamwondoa kwa nguvu. Sasa alikuwa kwenye mayai tisa kwa mara ya tatu, siku ya tatu.

Jioni hiyo watu wa ua walikutana bombani. Mwenye nyumba alikuja na kiti chake. Alikuwa mama mzito mwenye pumu, na popote alipokwenda alibeba kiti cha kukunja, na pale alipokikunjua ndipo palipokuwa ofisi. Sista aliwasomea karatasi ya bwana mifugo mwanzo hadi mwisho, pamoja na mhuri.

"Kwa hiyo jogoo wangu naye ana minyoo?" aliuliza fundi saa. Alikuwa mzee mkapera, mwenye jogoo mmoja na matetea wawili, na jogoo wake alikuwa maarufu mtaani kwa kuwika saa sita mchana.

"Wote wanayo, mzee wangu."

"Afadhali. Nilidhani kilichomharibikia ni springi."

Mke wa kinyozi alicheka mpaka akashika ubavu. Mwenye nyumba hakucheka. Kuku hakuwapenda. Alikuwa akivumilia tu, na kila mtu pale alijua kwamba anatafuta sababu.

"Sikilizeni," alisema. "Tutafanya alivyosema bwana mifugo. Jumamosi, wote, siku moja. Na mimi naongeza la kwangu. Atakayebakiza kuku, hata mmoja, kwa uvivu au kwa ujanja, atawaondoa kuku wake wote hapa uani. Wote. Sitaki kesho tena mnikalishe hapa kunihubiria mavi ya kuku. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewana. Sista naye alisema.

Ijumaa jioni maji yote yakamwagwa. Bomba lililokuwa likidondoka lilifungwa kitambaa, na dimbwi lake likafunikwa gunia. Sista alizunguka ua mzima akigeuza kila kilichoweza kushika maji, hata kifuniko cha chupa. Alifanya kazi safi, hakuna wa kumtoa kasoro. Kisha aliingia bandani, akainua boksi la Namba Saba pamoja na mwenyewe na mayai yake tisa, akalibeba taratibu kama anabeba mzazi kwenye machela, akaliingiza chumbani na kulisukuma chini ya kitanda cha chuma. Huko kuna giza na utulivu, alijiambia. Atampa dawa kwa nafasi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na vurugu ya kupendeza. Kuku wa Sista waliyavamia maji ya dawa kama abiria wanaogombea mlango. Wa fundi saa walikunywa, wakapangusa midomo kwenye mchanga. Mke wa kinyozi alichelewa kuamka, kama kawaida yake, na alipofungua banda mmoja wa kuku wake sita alimponyoka akarukia juu ya bati la choo. Ilichukua karibu saa nzima kumshusha. Mke wa kinyozi alikuwa juu ya ndoo, ndoo juu ya stuli, fundi saa chini ameshika stuli amefumba macho kwa heshima, na mwenye nyumba kwenye kiti chake anasema, "Akianguka nani atalipia bati?" Kuku alipopatikana alinyweshwa kwa kijiko, mbele ya macho ya watu wote.

Katikati ya vurugu hiyo Sista aliingia chumbani, akafunga mlango. Alikuwa na kikombe cha dawa na bomba la sindano, na matone yalikuwa yamepimwa kama alivyoandikiwa. Alipiga magoti akavuta boksi.

Namba Saba alijitutumua manyoya akawa mkubwa maradufu. Akakoroma ile sauti ya kuku anayeatamia, ya chinichini, isiyo kwa ajili ya mtu yeyote. Sista alipitisha mkono chini ya kifua chake, akaona joto lilivyo. Kichwa alikishika. Mdomo ulikuwa tayari kufunguliwa. Kuku alimtazama kwa jicho moja, akapepesa mara moja, kope ikapanda kutoka chini.

"Ndiyo kwanza umetulia," alimwambia. "Nikusumbue mimi?"

Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyojua, maana magoti yalimuuma alipoinuka. Dawa alikuwa ameirudisha kikombeni. Alitoka, akaimimina kwenye beseni la wenzake, na kule ndani Namba Saba akabaki na mayai yake.

"Sista, wa kwako tayari?" mwenye nyumba aliuliza.

"Waliopo bandani wote wamekunywa, mama."

Kila neno lilikuwa la kweli. Alilichagua kama mtu anayechagua mchele, na alipolisema alihisi limesimama vizuri. Baadaye, wakati wa sala zake za mchana, lilimrudia mara mbili, akalifukuza.

Siku kumi na sita baadaye vifaranga saba walitoka. Saba kati ya tisa, na kwa Namba Saba lilikuwa jambo kubwa. Sista aliwatoa uani siku ya pili, akawafungulia jua. Fundi saa alivua miwani yake ya kazi ili awaone vizuri. Mke wa kinyozi alileta punje za mtama zilizopondwa, akachuchumaa, akasema, "Hongera, mama mzazi," na Namba Saba akamdonoa kidole.

Wiki ya tatu ilipotimia, dawa ikarudiwa. Safari hii mke wa kinyozi aliamka kabla ya watu wote. Maji yalimwagwa tena, bomba likafungwa kitambaa tena. Na Namba Saba, mwenye vifaranga wa siku tano, akafungiwa chumbani kwa Sista tangu jioni na bakuli lake la maji safi.

"Mzazi wa siku tano," Sista alijisemea. "Wiki ijayo nitampa."

Wiki ijayo ilikuja ikapita. Kulikuwa na msiba wa jirani wa mtaa wa pili, kisha mvua, kisha Sista mwenyewe akaugua kifua. Jambo ambalo halijafanywa likiachwa siku nyingi huwa kama kiti kibovu kilichosukumwa kwenye kona. Mtu hupita pembeni yake bila kukiona.

Mwezi wa pili tangu dawa ya kwanza ulipokuwa unaishia, vifaranga wa mke wa kinyozi walianza kushusha mabawa. Alikuwa na kumi na mmoja, wa matetea wawili, walioanguliwa wiki chache nyuma. Walikula na hawakukua. Walisimama juani wamefumba macho kama wazee kwenye foleni. Wa kwanza alikufa siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi wamekufa wanne. Mwenye nyumba alimwita bwana mifugo yeye mwenyewe, na bwana mifugo akampasua mmoja juu ya gazeti, hapohapo bombani, akawaonyesha utumbo ulivyojaa.

"Minyoo," alisema. "Mlirudia dawa?"

"Tulirudia," alisema mwenye nyumba. Kisha akageuza kiti chake, chote, na mwili wake ndani yake, akamkabili mke wa kinyozi. "Lakini wapo waliochelewa. Wapo ambao kuku wao walikuwa juu ya choo wenzao wakinywa dawa."

"Si nilimshusha? Si alinyweshwa mkiona?"

"Huyo tulimwona. Na wale ambao hatukuwaona?"

"Mama, ninao sita tu! Nitamficha wapi wa saba, kwenye kiti cha kinyozi?"

"Mimi sijui. Najua kwamba waliokufa ni wa kwako, na uchafu huanzia pale unapoonekana. Nilisema neno langu. Jumamosi wawe wameondoka."

Bwana mifugo alifungua mdomo ili aseme jambo, lakini mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kukunja kiti. Fundi saa alisema polepole, "Tusiharakishe, jamani." Sista alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na kamba ya nguo. Uso wake ulikuwa kati ya mashuka mawili.

Jioni mke wa kinyozi alikuja kwake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma bila kukaribishwa, kama alivyozoea. Hakuwa mtu wa kulia, na hata sasa hakulia. Alikuwa akifumua uzi wa pindo la kanga yake, akiuvuta na kuuvuta.

"Unajua, Sista, mle ndani kwangu kila kitu ni cha kinyozi. Redio ya kinyozi. Meza ya kinyozi. Hata kioo ninachojitazama kina alama za povu lake. Nikipanga, napanga vya kinyozi. Kuku ndio wangu. Nikiamka nikiwasikia, najua kwamba hapa nami nina kitu." Uzi ulikatika. "Wewe ulikuwepo. Uliniona siku ile. Sema kweli, niliacha mmoja?"

"Sikukuona ukiacha," alisema Sista.

"Basi umwambie."

"Nitamwambia."

Na hilo nalo lilikuwa la kweli, na mke wa kinyozi akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akatoka. Sista alibaki ameutazama mkono wake.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, alimfuata Namba Saba uani na kijiti, kama alivyofanya siku ile ya kwanza. Haikuchukua muda. Minyoo ilikuwemo, mingi. Aliwaangalia Namba Mbili, Namba Nne na Namba Tano, waliokunywa dawa, akachokoa ya kwao pia. Kwa wawili hakuona kitu. Kwa mmoja aliona. Alitia kila kimoja kwenye karatasi yake, akaandika namba juu, akaenda kwa bwana mifugo kabla ofisi haijafunguliwa, akamsubiri kwenye ngazi.

Walipoingia ndani alimwambia yote. Bwana mifugo alivua kofia. Chini yake mlikuwa na upara mdogo wa kawaida tu, na Sista hata hakuuona.

"Kuku mmoja anaweza kuleta haya, mwanangu?"

"Anaweza, mama."

"Ndiye aliyeleta?"

Kijana alizungusha kofia mikononi. "Kusema ukweli siwezi kuapa. Ule ua ulikuwa na minyoo tangu mwanzo, na mayai yake hukaa udongoni muda mrefu, dawa haiyafikii. Inawezekana ni udongo. Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni vyote viwili. Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa hakika." Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye roho nzuri, aliongeza, "Ukitaka, nitakuja kumweleza mwenye nyumba kwamba ni udongo. Sitakuwa nimesema uongo. Yule dada atabaki na kuku wake, na wewe na wako."

Jokofu lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena. Ilikuwa njia pana na iliyofagiliwa. Hakuna ambaye angeumia. Ilikuwa pia ni maneno ya kweli, yaliyochaguliwa vizuri, kama yale mengine mawili aliyokwisha kuyasema.

"Njoo umweleze la udongo," alisema mwishowe. "Ni haki ajue. Langu nitalisema mimi."

Alirudi nyumbani. Inasemekana siku hiyo hakula, lakini aliyesema hivyo ni fundi saa, na fundi saa naye hupenda kuongeza chumvi. Kinachojulikana ni kwamba jioni alianza sala yake akaikatisha katikati, akaenda kufagia banda, kisha akarudi akaimalizia.

Jumamosi saa tatu mwenye nyumba alikunjua kiti chake bombani. Matenga mawili ya mke wa kinyozi yalikuwa tayari kando ya ukuta, na ndani yake kuku wakisukumana. Kinyozi mwenyewe alikuwa amefunga duka kwa saa moja ili ambebee, na alisimama pembeni mikono mfukoni, mtu aliyezoea kuzungumza na visogo tu. Bwana mifugo alieleza la udongo. Alieleza vizuri, kwa utulivu, na mwenye nyumba akasikiliza mpaka mwisho.

"Udongo ni wa wote," alisema. "Mbona waliokufa ni wa huyu?"

"Vifaranga ndio wanaoumia kwanza, mama. Na mwenye vifaranga wengi ni yeye."

"Maneno ya kitaalamu hayo. Mimi nilisema asibaki hata mmoja."

"Aliyebakiza ni mimi," alisema Sista.

Aliongea kwa sauti yake ya siku zote, ile ya wodini, ya kutoamsha mtu. Ikabidi arudie.

"Ni mimi niliyebakiza. Namba Saba hakunywa. Siku ya kwanza alikuwa anaatamia, nikamweka chini ya kitanda. Mara ya pili alikuwa na vifaranga wachanga, nikamfungia ndani. Mama uliniuliza nikasema waliopo bandani wamekunywa. Walikunywa. Yeye hakuwa bandani. Na huyu," alimwelekea mke wa kinyozi, lakini hakuweza kumtazama juu ya mabega, "huyu hakuacha hata mmoja. Nilijua tangu mwanzo."

Mke wa kinyozi ndiye aliyeanza.

"Juzi nilikaa kitandani kwako," alisema. "Juu ya kitanda chenyewe, Sista! Nakueleza mambo yangu, na wewe unanitazama!"

"Ndiyo."

"Nikakushukuru! Nikakushika mkono!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu!" Akaanza kutembea, akaenda hadi ukutani, akarudi. "Kwa ajili ya nini? Yule kuku? Yule mwenye shingo kama bomba la sindano?"

"Alikuwa ameharibikiwa mara mbili."

Kinyozi alitoa mikono mfukoni, akairudisha. Fundi saa alikohoa, akasema kwamba yeye kwa maoni yake kosa limesemwa na mwenye kosa, na ua huu una nafasi ya kutosha, na kama ni vifaranga wanne, matetea wake wawili wangeweza kuazimwa.

"Nyamaza, fundi," alisema mwenye nyumba, bila ukali. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na alisubiri kifua kimwachie. Alionekana mtu aliyejiandaa kubeba mzigo mwepesi akakuta ni mzito. "Neno langu nililisema mbele ya wote. Sikusema 'isipokuwa Sista'. Kama nilikuwa tayari kumwondolea huyu kuku wake kwa kosa ambalo sikuliona, nikuachie wewe kwa kosa ulilolisema kwa mdomo wako? Watu watanionaje?"

"Ni kweli, mama."

"Basi wafungue wa huyu, watoke kwenye matenga. Na wa kwako waondoke. Wote kumi, na hao vifaranga. Una mahali pa kuwapeleka?"

"Ndugu yangu wa kiume ana shamba. Ana kuku wake pia."

Kinyozi aliinama akafungua matenga. Kuku walitoka mmoja mmoja, wakajikung'uta, wakaenda moja kwa moja kudonoa chini ya bomba kana kwamba hawajawahi kuondoka. Mke wa kinyozi alisimama anawatazama. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na pa kukaa, ikawa inahamahama usoni mwake.

"Una la kusema, Sista?" mwenye nyumba aliuliza. "Sema sasa, nisije nikasikia mitaani kwamba sikukusikiliza."

Sista alitazama banda lake, kisha chini, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama mke wa kinyozi machoni.

"Sina neno juu ya kuondoka kwao. Naomba kitu kimoja. Wanyweshwe dawa kabla hawajaenda kwa ndugu yangu, maana wa kwake ni wazima. Na naomba mke wa kinyozi ndiye awanyweshe, tena aanze na Namba Saba. Mimi nikimshika, nitamhurumia tena."